Kombeo la Ofisi ya Michezo

Siku niliyokabidhi ofisi, binti aliyekuja kushika nafasi yangu, Neema, alikuwa na hati ya makabidhiano yenye safu nne: jina la kifaa, idadi, hali, maoni. Tulianza vizuri. Pampu ya mpira, moja, mbovu. Filimbi, tatu, mbili zinalia. Neti ya goli, moja, ina matundu ambayo kiwanda hakikuyaweka. Tulipomaliza kabati akainua macho ukutani, juu ya kiti changu, palipokuwa na msumari, akauliza, "Na hili, mzee? Hili halimo kwenye orodha."

Lilikuwa kombeo. Kamba ya katani iliyosukwa, na katikati kipande cha ngozi cha kuwekea donge la udongo. Nikamwambia aliandike. Akaniuliza aliandike chini ya mchezo gani, maana fomu ilikuwa na soka, netiboli, riadha na "mingineyo". Nikamwambia ajaze vingine kwanza, hilo tutalirudia. Ndiyo sababu nimekaa kuandika haya, kwa ajili yake na wenzake wanaoanza kazi hii wakidhani ni kazi ya mpira.

Ofisi yenyewe sitaitaja jina, kwa kuwa waliobaki humo bado wananiamkia. Ilikuwa Ifakara, chumba kimoja na nusu, na ile nusu ndiyo iliyokuwa yetu. Kile kizima kilikuwa cha mkuu wetu, tuliyemwita Bwana Mkubwa mbele yake na majina mengine nyuma yake. Mimi niliingia mwanzoni mwa miaka ya tisini nikiwa katibu wa mashindano. Nilizaliwa kwenye mpunga, humu humu bondeni, na utoto wangu niliumalizia juu ya dungu, kile kichanja cha miti wanachopanda watu kuamia ndege, yaani kuwafukuza wasile mpunga. Tangu mpunga unapotoa masuke mpaka unapokatwa, kazi yangu ilikuwa kupiga kelele. Nilisoma kwa bidii ili nisizeeke nikiwapigia ndege kelele. Nikafaulu, nikaajiriwa kuwapigia watu filimbi.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mwalimu Kasiani, mwamuzi wa zamani, mtu mwembamba asiyecheka siku ya mechi. Asubuhi yangu ya kwanza hakunionyesha faili hata moja. Alinipeleka uwanjani akanikabidhi debe la pumba. Chokaa haikuwepo, na mji mzima ulikuwa na mashine za kukoboa mpunga, kwa hiyo mistari ya uwanja tuliichora kwa pumba. Nilichora tangu saa mbili hadi saa tano, nikarudi nyumbani kula nikiwa na fahari yangu. Niliporudi, kuku wa mtaa wa Mlabani walikuwa wamekula eneo la penalti la upande wa kaskazini na nusu ya duara la kati, wakitafuta chenga za mchele. Mwalimu Kasiani alikuwa amesimama pembeni anawatazama. "Sasa umejifunza," akasema. "Pumba unachora saa tisa, timu zikiwa zinavaa."

Alinifundisha mengine mengi. Mpira usiujaze kwa macho. Uudondoshe kutoka usawa wa kichwa, ukiruka mpaka kiunoni unatosha. Ukiingia uwanjani tazama kwanza jua liko wapi, pili upepo unatoka wapi, tatu utatokea wapi wenyeji wakifungwa. Na ukipewa karatasi, igeuze. Hilo la karatasi alilirudia sana, maana miaka ile karatasi zilikuwa adimu na upande wa pili wa kila barua ulikuwa mali ya ofisi. Mimi nilidhani ni uzee tu.

Mechi yangu ya kwanza kuchezesha, kwenye uwanja wa kijiji kimoja, ilisimama dakika ishirini kwa sababu ya ng'ombe. Wasukuma walikuwa wameshahamia bondeni na mifugo yao, na njia ya kwenda majini ilipita katikati ya uwanja. Kundi likaingia kupitia kona, likatembea taratibu, na beki wa kulia akapanda mwembe. Nikamfuata mchungaji mbio, filimbi mdomoni, nikamwambia hapa panachezwa mpira.

"Naona, mwalimu," akanijibu bila haraka. "Lakini ng'ombe hizi zinajua njia, hazijui mpira. Subirini kidogo zitaisha."

Zikaisha. Goli la kwanza baada ya hapo nililikataa, kwa sababu mfungaji aliteleza kwenye kinyesi akaangukia mpira, ukaingia naye. Hakuna kanuni inayokataza kufunga kwa kuteleza. Nilikuwa mgeni na nilitaka kuonekana mkali. Timu ile haikunisamehe, na ilikuwa na haki.

Nasema haya mjue kwamba tulikuwa na akili zetu za kutosha kuendesha mpira wa bonde. Shida ilianza Bwana Mkubwa aliporudi kozini.

Ilikuwa mwaka mmoja katikati ya miaka ya tisini. Alikwenda wiki tatu, akarudi na mkoba mpya na karatasi nne za kunakiliwa kwa mashine, zilizopauka mpaka ikabidi kuzisoma kwa kuziinamisha dirishani. Zilikuwa kanuni za mchujo wa Oseania. Oseania, akatueleza huku akigonga ramani kwa rula, ni bara la visiwa huko upande wa Australia. Klabu za visiwa vidogo hazianzi moja kwa moja kwenye ubingwa wa klabu wa bara lao. Zinachujana kwanza zenyewe kwa zenyewe, na anayebaki ndiye anayekwenda kukutana na wakubwa.

"Na sisi ni hivyo hivyo," akasema. "Mwaka huu bonde letu lina nafasi moja kwenye ubingwa wa klabu wa kanda. Tutaipata kwa mfumo wa visiwa. Mchombe ni kisiwa. Kibaoni ni kisiwa."

Mwalimu Kasiani, aliyekuwa ameitwa kama mshauri, akauliza bahari iko wapi.

"Masika ukija utaiona," akajibu Bwana Mkubwa, na kwa hilo, nikiri, alikuwa sahihi.

Kanuni zile tulizichukua kama zilivyo. Zilisema timu ngeni ipokelewe bandarini, nasi tukaunda kamati ndogo ya mapokezi ya bandari, ikawa inasimama stendi. Zilisema wachezaji wapumzishwe siku mbili baada ya safari ya baharini. Timu iliyotoka mwendo wa saa moja kwa baiskeli ikadai siku zake mbili, na ikapewa. Hazikusema lolote kuhusu ng'ombe. Zilisema mechi zote zianze saa kumi na nusu jioni. Na zilisema fomu ya mchezo itiwe saini na katibu wa mashindano, uwanjani, mbele ya manahodha wote wawili, kabla ya mpira kuanza. Bila hivyo mchezo ni batili na ushindi ni wa mwenyeji. Hiki kifungu cha mwisho mkikumbuke, maana sisi tulikisahau.

Ratiba Bwana Mkubwa aliichora mwenyewe kwa kalamu nyekundu na ya bluu, jedwali zuri lenye mishale. Alinipa niibandike ubaoni nje ya ofisi. Nikapika gundi ya unga wa muhogo, nikaipaka vizuri pembe zote nne, nikaibandika. Watu wakaja kuisoma hata kutoka Kibaoni.

Timu zilianza sita, zikachujwa zikabaki mbili: Kibaoni, vijana wa mjini wenye jezi zinazofanana, na Mchombe, wakulima wa mpunga wa barabara ya Mlimba, wenye jezi zinazokaribiana. Mechi ya mwisho iliangukia Jumamosi moja ya mwezi wa Mei, Ifakara, saa kumi na nusu jioni kama kule visiwani.

Hapo ndipo mtoto wa mkulima nilipaswa kushtuka. Mei mpunga umejaa maziwa, mwingine umeshakauka. Mei ndiyo kweleakwelea. Ndege hawa wana saa zao kama watu wa ofisi: wanashuka asubuhi, jua likiwa kali wanapumzika vichakani, na kuanzia saa kumi jioni wanarudi mpaka giza liingie. Mechi ya saa kumi na nusu maana yake ni kuwatoa vijana kumi na mmoja mashambani saa ile ile wanayotakiwa. Nilijua hayo kabla sijajua kusoma. Lakini nilikuwa nimeshakaa mezani miaka kadhaa, na mtu akikaa mezani sana, hata Mei anaiona kwenye kalenda tu.

Nilipanda lori la mpunga kwenda Mchombe kuwapa taarifa. Nikakuta kikao kinanisubiri kwenye uwanja wa shule, wanaume kwa wanawake. Nikasoma barua yangu. Walipomaliza kunisikiliza akasimama mama mmoja, kitenge kimefungwa kifuani juu ya gauni, miguu ina tope la mtaroni. Aliitwa Bi. Kandida. Mwanawe wa pekee, Dionisi, ndiye aliyekuwa golikipa na nahodha wa timu.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisikia. Hao kweleakwelea nao umewaandikia?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akaeleza kwa utaratibu kwamba ana mashamba mawili, moja la juu na moja la bondeni. La juu analiamia yeye, la bondeni analiamia Dionisi. La bondeni ndilo lenye mpunga wa kuvunwa wiki ile. La juu bado lilikuwa changa, na mwaka ule mvua iliondoka mapema, hakulitegemea. Chakula cha nyumba na mbegu ya mwaka unaofuata vyote vilikuwa bondeni.

"Mtoto nitawapa," akasema. "Anaupenda mpira, na mimi napenda akishinda. Lakini huku kwetu ukimtoa mtu shambani, unaacha mtu. Nani atakaa kwenye dungu?"

Huo ndio utaratibu wao, na haukuwa wa siku ile. Akiitwa mtu msibani, akienda hospitali, akichukuliwa shahidi, aliyemchukua anaacha mtu juu ya dungu. Mzee mwingine akadakia kwamba hata wenzake hawatoi vijana bila hivyo: kumi na mmoja waende, kumi na mmoja waje. Wote wakaitikia. Dionisi alikuwa amesimama nyuma na wenzake, mikono kiunoni. Akaniambia, "Katibu, sisi tutacheza. Nyinyi chezeni na ndege tu."

Nikasema mbele ya watu wote, "Shamba la Bi. Kandida nitakaa mimi."

"Ahadi ni deni," akasema Bi. Kandida, akakaa.

Bwana Mkubwa alipozipata habari alifurahi sana. Alitafuta kwenye karatasi zake kama kule visiwani wana kifungu cha namna hiyo, hakukiona, akasema basi sisi tumewazidi. Kamati nzima ikateuliwa kuamia, isipokuwa yeye, kwa kuwa alikuwa kamisaa wa mchezo na alikuwa na suruali nyeupe. Ijumaa jioni lori likatupeleka Mchombe watu kumi na mmoja: mimi, mtunza hazina, wajumbe wa nidhamu, mapokezi ya bandari yote, na makamu mwenyekiti Mzee Mbaraka, muuza duka wa Mlabani, mtu mnene mwenye heshima zake, aliyekuja na kiti cha kukunja. Alfajiri lori lile lile likawachukua wachezaji kwenda Ifakara.

Bi. Kandida alinipeleka shambani mwenyewe. Mpunga ulikuwa umeinama wote, njano mpaka kwenye mto. Akanipa kombeo na kapu la madonge ya udongo aliyoyafinyanga jana yake akayakausha. Akaniuliza kama najua kulitumia. Nikavurumisha donge moja, likaenda juu ya mpunga likipiga mluzi, kundi dogo likaruka. Akatabasamu. Akaniambia, "Asubuhi si kazi. Kazi ni jioni. Jioni usishuke hata kukojoa." Akaondoka kwenda shamba la juu, mwendo wa nusu saa na zaidi.

Asubuhi ile nilifurahi, sitaki kudanganya. Nilipiga kelele kwa sauti ambayo sikujua bado ninayo. Kwenye dungu la shamba la jirani alikuwa Mzee Mbaraka, aliyekataa kombeo akasema yeye atatumia debe. Aligonga debe mpaka saa nne. Saa tano nilitazama nikaona kofia imefunika uso na debe limelala juu ya tumbo.

Saa saba akaja mtu kwa pikipiki, ametapakaa tope mpaka nyusi, ana kikaratasi cha Bwana Mkubwa. Kilisema: "Viongozi wa Kibaoni wamesoma kanuni. Bila saini yako uwanjani mchezo ni batili na nafasi ni yao. Njoo mara moja."

Nikasimama juu ya dungu nikiwa na kikaratasi mkono mmoja na kombeo mkono mwingine. Nikibaki, Mchombe wanatolewa kwa saini, vijana wamesafiri bure, na Dionisi anapoteza nafasi aliyoihangaikia msimu mzima. Nikiondoka, mpunga unabaki na Mungu. Bi. Kandida alikuwa mbali, na madungu mengine yalikuwa na watu wasioweza kuamia hata mashamba waliyopewa. Nikatazama angani. Hapakuwa na ndege hata mmoja. Ilikuwa saa saba, wamepumzika, kama nilivyojua tangu utotoni. Lakini jicho la mtu anayetaka kuondoka huona anachotaka. Na nisijisafishe: nilitaka kuiona ile mechi.

Nikaenda kwa Mzee Mbaraka nikamwamsha.

"Mzee wangu, naitwa Ifakara. Utanitazamia na shamba hili?"

"Nenda, nenda Katibu," akasema, hata kofia hakuiondoa. "Ndege wenyewe wako wapi? Nenda kahudumie taifa."

Nikamkabidhi. Mtu niliyemwona kwa macho yangu amelala kwa saa mbili, nilimkabidhi chakula cha mwaka cha nyumba ya watu, nikapanda pikipiki. Kombeo nililiacha limening'inia kwenye nguzo ya dungu.

Tulianguka mara moja tu. Saa kumi na robo nilikuwa uwanjani, nimetia saini mbele ya manahodha wawili, alama ya kidole cha tope juu ya fomu. Kibaoni walikuwa wakichelewa kuingia kwa sababu kamati yao ya ufundi, yaani ya uganga, ilikataza wapite getini; waliruka ukuta mmoja mmoja, wakiingia kinyumenyume. Wa tatu alichanika kaptula. Bwana Mkubwa aliandika kwenye ripoti kwamba wageni waliingia kwa nidhamu, ingawa Kibaoni ndio waliokuwa wenyeji.

Mechi ilikuwa nzuri. Mchombe walipata goli kipindi cha kwanza kwa mpira wa adhabu. Kipindi cha pili hawakuvuka nusu ya uwanja, walikuwa wanaokoa tu. Dakika za mwisho Kibaoni wakapewa penalti, ya haki kabisa, kwenye eneo ambalo siku hiyo kuku hawakuligusa. Mpigaji akarudi nyuma. Dionisi akasimama katikati ya goli, anapiga makofi, jua limemchoma machoni maana lilikuwa limeshuka usawa wa miti. Nikalitazama lile jua. Ndipo nikakumbuka ni saa ngapi.

Aliudaka. Sikumwona akiudaka, nilisikia watu.

Baada ya mchezo, watu walipomshusha mabegani, kikombe cha bati lililong'arishwa kiko kwapani mwake, Dionisi alinifuata. "Katibu! Mbona uko huku? Shambani umemwacha nani?"

"Mzee Mbaraka."

Akaanza kufungua glavu, moja, kisha ya pili, taratibu. Wenzake walikuwa wanaimba. Dereva wa lori akasema barabara ile haendi gizani, tutaondoka asubuhi.

Asubuhi tulikwenda na nyimbo mpaka Mchombe. Mimi nilikaa nyuma kabisa, juu ya tairi la akiba. Dionisi alikaa mbele na kikombe mapajani, na lori lilipokaribia shamba la bondeni alimgonga dereva bega, lori likasimama.

Mwenye kujua mpunga haulizi. Mpunga wenye punje huinama. Ule ulikuwa umesimama wima wote, mpaka kwenye mto, masuke mepesi yanacheza na upepo, na chini ardhi imejaa makapi. Mzee Mbaraka hakuwepo. Tuliambiwa baadaye aliamka ndege wakiwa wameshakuwa wengi, akagonga debe, wakahama upande mmoja wa shamba kwenda mwingine. Bi. Kandida aliona wingu lao kutoka shamba la juu, akaja mbio, akafika jua linazama. Sasa alikuwa ameketi kwenye kingo ya mtaro na kapu la madonge. Lilikuwa bado limejaa.

Nilishuka. Nikamwamkia.

"Marahaba," akasema. "Mmeshinda?"

"Tumeshinda, mama."

"Haya."

Nimesemwa na watu wengi katika kazi hii. Nimetukanwa na mashabiki wa upande mmoja na nikatukanwa na wa upande wa pili kwa goli hilo hilo. Hakuna neno lililonikata kama lile haya.

Dionisi aliingia shambani na viatu vya mpira miguuni, akaenda mpaka mwisho akarudi. Akakiweka kikombe chini karibu na mama yake. Akaniuliza swali moja tu: "Mechi ya kanda ni lini?"

Nikamwambia nitaleta barua ndani ya wiki. Nilikuwa nakimbilia barua hiyo kama mtu anayekimbilia dawa. Nilisema moyoni, angalau nafasi ipo. Mpunga umekwenda, lakini kijana atakwenda kucheza na wakubwa, na siku moja mama yake atasema haikuwa bure.

Jumatatu nikaingia ofisini kabla ya wote. Nikaanza kubandua ratiba ubaoni niitie kwenye faili pamoja na matokeo. Gundi yangu ilikuwa nzuri, ikabidi niloweshe maji. Karatasi ikalainika, wino wa upande wa nyuma ukaanza kutokea. Nikaigeuza. Ilikuwa imechapwa kwa mashine, ina muhuri, ina tarehe ya wiki sita kabla ya mechi. Ilitoka kwa waandaaji wa ubingwa wa kanda. Ilisema, kwa sababu ya ugumu wa usafiri, mwaka huu mashindano hayatakuwa na timu kutoka bondeni, na tunaombwa tuwajulishe wahusika mapema.

Nilikaa chini pale pale kwenye kibaraza. Upande ule wenye maneno ndio niliokuwa nimeupaka gundi kwa mkono wangu, pembe zote nne, bila kuusoma. Bwana Mkubwa alikuwa amechukua karatasi ya kwanza iliyokuwa mezani kwake, akaona upande mmoja mweupe, akafurahi. Tulichujana wiki tano kugombea nafasi ambayo tangazo la kufutwa kwake lilikuwa ubaoni, likitazama ukuta.

Alipofika nikamwonyesha. Akaisoma, akaivua miwani, akaivaa tena. "Sasa," akasema kwa sauti ya chini, "hili lisitoke ofisini. Tuwaambie kanda wameahirisha." Kisha, baada ya kufikiri, "Hata kule Oseania huwa wanaahirisha."

Nilikwenda Mchombe nikasema kweli, nikaisoma barua pale pale shuleni, pande zote mbili. Sikuifanya kwa ushujaa. Niliona aibu tu, na nilichoka kuibeba peke yangu. Watu hawakunipiga, ingawa ningewaelewa. Walianza kuondoka mmoja mmoja kwenda mashambani, kwa kuwa ilikuwa inakaribia saa kumi. Dionisi aliondoka wa kwanza. Hakucheza tena mashindano yaliyoandaliwa na ofisi yetu, na alikuwa golikipa bora niliyepata kumwona.

Bi. Kandida alibaki. Akaingiza mkono ndani ya kitenge, akalitoa lile kombeo lililoachwa kwenye dungu, akanikunjia mkononi.

"Chukua, Katibu," akasema. "Ulisahau kitendea kazi chako."

Kila mwaka baada ya hapo, Mei ikifika, nilimtumia salamu kwamba niko tayari kuja kuamia. Kila mwaka alinijibu kwa upole, ashukuriwe Mungu, mtu tumeshampata.

Neema alipomaliza kujaza vingine, mpaka mipira isiyo na upepo, tukarudi ukutani. Nikamwambia aandike chini ya "mingineyo": kombeo, moja. Akaniuliza hali yake, zima au bovu. Nikalishusha nikalivuta kwa mikono miwili. Kamba ilikuwa imara, ngozi haikuwa na ufa.

"Zima," nikamwambia.

"Na kwenye maoni niandike nini?"

"Andika halikutumika jioni."